Nani Apime Sikio la Mchimbaji? Leseni na Elimu Endelevu ya Wataalamu wa Usikivu

Mji mdogo wa Runzewe umo katika Wilaya ya Bukombe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama na Ushirombo kuelekea Nyakanazi, na kutoka huko hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Hadi mwaka 2012 wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka huo imo katika Mkoa wa Geita. Ni nchi ya Wasumbwa na Wasukuma, ya wakulima, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu. Wakazi wa ukanda huu wa machimbo wanazijua vyema sauti za kazi hiyo: tindo na nyundo ndani ya duara, kompresa ya hewa, mlipuko wa baruti, na zaidi ya zote karasha, yaani pipa la chuma lizungukalo likiwa na mipira ya chuma ndani yake, likisaga mawe ya dhahabu.

Juu ya hatari za vumbi na zebaki mengi yamekwisha kusemwa. Juu ya kelele hayasemwi mengi, kwa sababu kelele haiachi kidonda wala haitoi damu. Mtu apotezaye usikivu kwa ajili ya kelele huupoteza pole pole, bila maumivu, na aghalabu wa kwanza kugundua ni mkewe au watoto wake, si yeye mwenyewe. Siku atakapotaka kujua hali halisi ya masikio yake, itampasa akae mbele ya mtu mwenye chombo cha kupimia, kisha aamini atakayoambiwa. Makala hii yahusu mtu huyo mwenye chombo: ni nani, amepewa ruhusa na nani, na yampasa ajifunze nini baada ya kuipata ruhusa hiyo.

Jinsi kelele inavyoharibu sikio

Sauti ni mawimbi ya shinikizo la hewa. Mawimbi hayo huingia katika mfereji wa sikio, hutikisa kiwambo cha sikio, na mtikisiko huo hupitishwa na mifupa mitatu midogo, yaani nyundo, fuawe na kikuku, hadi kwenye koklea, kiungo chenye umbo la konokono kilichojaa majimaji. Ndani ya koklea zimo seli zenye vinyweleo, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa habari za umeme ziendazo kwenye ubongo. Katika kila sikio la binadamu seli hizo hazizidi sana elfu kumi na tano. Zikifa hazioti tena, ama kwa binadamu ama kwa wanyama wengine wanyonyeshao.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Wanafunzi wa hisabati yafaa wakumbuke kwamba kipimo hiki ni cha logi, si cha kujumlisha. Ongezeko la desibeli 10 ni sawa na kuzidisha nguvu ya sauti mara 10, na ongezeko la desibeli 3 ni sawa na kuizidisha mara 2 hivi. Kutokana na hesabu hiyo wataalamu wa afya ya kazini wameweka kanuni rahisi: ikiwa mtu aweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, basi desibeli 88 azivumilie kwa saa 4 tu, desibeli 91 kwa saa 2, na desibeli 94 kwa saa 1. Ikifika desibeli 100, muda wake ni dakika 15. Mashine za kutoboa miamba kwa nguvu ya hewa huvuka kiasi hicho, na zamu ya machimboni haiishi kwa dakika 15.

Madhara ya kelele hayaanzi katika sauti zote kwa pamoja. Huanza karibu na masafa ya hezi 4,000, na sababu mojawapo yaweza kukokotolewa darasani. Mfereji wa sikio una urefu wa sentimita 2.5 hivi, umefungwa upande mmoja na kiwambo na upande wa pili u wazi. Bomba la namna hiyo huvuma kwa nguvu pale urefu wake unapokuwa robo ya urefu wa wimbi. Kwa hiyo wimbi lenye urefu wa sentimita 10 ndilo livumalo humo. Na kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 kwa sekunde, masafa yake ni hezi 3,400. Sehemu ya koklea iumiayo zaidi huwa ni ile ya masafa yaliyo juu kidogo ya hayo.

Jambo hili lina matokeo katika lugha. Irabu za Kiswahili hubebwa zaidi na masafa ya chini, lakini konsonanti kama s, f, t na k hutegemea masafa ya juu. Mtu aliyeanza kuharibikiwa kwa kelele husikia kwamba ameambiwa neno, lakini hajui kama ni saa, taa, kaa au faa. Huambiwa kwamba hasikilizi. Baada ya muda huacha kwenda kwenye mikutano ya kijiji, na mwishowe watu humzoea kuwa mtu wa kukaa peke yake. Uchunguzi juu ya wachimbaji wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 uliwakuta takriban nusu yao wakiwa na upungufu wa usikivu uliotokana na kelele. Si jambo la watu wachache, basi.

Kipimo kinachoweza kudanganya

Upungufu huo hugunduliwa kwa chombo kiitwacho odiometa. Mpimwaji huvaa visikizio, chombo hutoa sauti moja moja za masafa mbalimbali, naye huinua mkono au kubonyeza kitufe kila asikiapo. Sauti dogo kuliko zote aliyoweza kuisikia katika kila masafa huandikwa kwenye mchoro uitwao odiogramu. Kwa mtazamo wa haraka ni kazi nyepesi, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Tuchukulie kijana aliyefanya kazi kwenye karasha kwa miaka mitano, akapimwa katika chumba kilicho karibu na barabara yenye malori. Mngurumo wa nje utazifunika sauti za masafa ya chini, na mchoro utaonyesha upungufu ambao hana. Kijana huyo huyo akipimwa mara atokapo zamu, sikio lake litakuwa bado limechoka, na mchoro utaonyesha upungufu mkubwa kuliko ule wa kudumu. Ndiyo maana kanuni za kazi za Marekani hudai kwamba kipimo cha kwanza cha mfanyakazi kifanywe baada ya saa 14 za kukaa mbali na kelele za kazini. Kama chombo hakijasawazishwa kwa muda mrefu, kosa laweza kwenda upande wowote: mgonjwa akaambiwa mzima, au mzima akaambiwa mgonjwa. Na kama mfereji wa sikio umezibwa na nta, au kuna usaha wa tangu utotoni, mpimaji asiyetazama ndani ya sikio kwanza ataiandika kelele hatia isiyo yake.

Katika mambo mengi mnunuzi aweza kukagua alichonunua. Akinunua jembe hulijaribu shambani; akishonewa shati hulivaa. Lakini mtu aliyepimwa sikio hawezi kuukagua mchoro aliopewa, wala hana njia ya kujua kama chombo kilisema kweli. Pamoja na hayo mchoro huo ndio utakaoamua kama atahamishwa kazi, kama atalipwa fidia, au kama mtoto wake atavalishwa kifaa cha kusikia kinachomfaa. Leseni ya mtaalamu ni jibu la serikali kwa tatizo hilo. Mwananchi asiyeweza kukagua kazi anakaguliwa na Taifa kwa niaba yake, kabla hajaingia mlangoni mwa mpimaji.

Chanzo cha taaluma na cha leseni zake

Odiolojia, yaani elimu ya usikivu, ni taaluma changa. Ilikua kutokana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi waliporudi kutoka vitani wakiwa wameharibiwa masikio na mizinga. Huko Marekani hospitali za jeshi zilianzisha vituo vya kuwapima, kuwafundisha kusoma midomo na kuwachagulia vifaa vya kusikia. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa Raymond Carhart, ambaye baada ya vita aliistawisha elimu hiyo katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Taaluma ilizaliwa, basi, kwa sababu ya kelele zilizowaumiza watu waliokuwa kazini.

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi hapakuwa na sheria ya kusema nani aitwe mtaalamu wa usikivu. Jimbo la Florida ndilo lililotangulia nchini Marekani kutunga sheria ya leseni, mwaka 1969. Leo majimbo yote 50 yana sheria za namna hiyo. Kila jimbo lina mamlaka yake ya leseni, mara nyingi bodi. Kwa kawaida bodi hudai mambo manne: shahada kutoka chuo kinachotambuliwa, muda wa kufanya kazi chini ya usimamizi, kufaulu mtihani wa taifa, na tabia njema isiyo na hatia ya udanganyifu. Tangu mwanzo wa karne hii shahada inayotakiwa kwa wanaoanza kazi ni ya udaktari wa odiolojia.

Uingereza ilianzia upande mwingine, yaani kwa wauzaji. Sheria ya mwaka 1968 iliunda baraza la kuwasimamia wauzaji wa vifaa vya kusikia, baada ya malalamiko juu ya watu waliokuwa wakizunguka majumbani na kuwabembeleza wazee wanunue vifaa ghali visivyowafaa. Mwaka 2010 kazi ya baraza hilo ilihamishiwa kwenye baraza kubwa linalosimamia taaluma nyingi za afya kwa pamoja. Njia mbili hizi zinafundisha jambo moja: sheria ilifuata madhara, haikuyatangulia. Nchi inayoanza sasa ina nafasi ya kutangulia.

Yafaa pia kutambua kwamba serikali yaweza kulegeza pale inapoona kwamba ukali umezidi faida. Mwezi Oktoba 2022 Marekani iliruhusu watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani kununua baadhi ya vifaa vya kusikia dukani bila kupitia kwa mtaalamu, kwa sababu watu wengi walikuwa wakikaa bila kifaa kwa ajili ya gharama. Watoto hawakuhusishwa na ruhusa hiyo, kwani mtoto hawezi kusema kwamba kifaa hakimfai.

Kwa nini leseni haina budi kuhuishwa

Leseni husema kwamba mtu fulani alikuwa anajua yaliyojulikana siku alipofanya mtihani. Haisemi lolote juu ya yatakayogunduliwa kesho yake. Kwa sababu hiyo bodi nyingi za leseni hudai kwamba kila baada ya muda fulani, mwenye leseni aonyeshe ushahidi wa kuendelea kujifunza: kozi, semina, mitihani midogo au mazoezi yaliyokaguliwa. Chama kikuu cha wataalamu wa usikivu na matamshi cha Marekani hudai saa 30 za elimu endelevu kwa kila miaka 3 kwa wale wenye cheti chake. Majimbo nayo yana hesabu zake mbalimbali.

Je, elimu hii ni ya lazima kweli, au ni desturi ya kukusanya vyeti? Mifano mitatu yatosha.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1978. Mwanafizikia David Kemp wa London alionyesha kwamba sikio zima halipokei sauti tu, bali lenyewe hutoa sauti dogo sana zinazoweza kunaswa kwa maikrofoni iliyowekwa mferejini. Ugunduzi huo ulileta njia ya kumpima mtoto mchanga aliyelala, asiyeweza kuinua mkono. Mtaalamu aliyehitimu kabla ya mwaka huo, asijifunze tena, angeendelea kuwaambia wazazi wasubiri mpaka mtoto akue, na miaka ile ya kujifunza lugha ingempita.

Mfano wa pili unawagusa wachimbaji moja kwa moja. Vumbi la miamba huharibu mapafu na kuyafungulia mlango maradhi ya kifua kikuu. Kwa miaka mingi kifua kikuu sugu kilitibiwa kwa sindano za kanamaisini, dawa inayoua seli zenye vinyweleo katika koklea. Wagonjwa wengi walipona kifua wakabaki viziwi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo, na mwongozo wake wa mwaka 2019 ukathibitisha hivyo, kwa kuwa dawa za kumeza zilikuwa zimeonekana kufaa zaidi. Mpimaji wa masikio asiyezijua habari hizo hatamwuliza mchimbaji swali muhimu: je, umewahi kuchomwa sindano za kifua kikuu, na ilikuwa lini? Bila swali hilo, uziwi wa dawa utahesabiwa kuwa wa karasha, au wa karasha kuwa wa dawa.

Mfano wa tatu ni wa mwaka 2009. Hadi wakati huo iliaminika kwamba mtu akitoka kwenye kelele kali, na kipimo chake kikarudi kama zamani baada ya siku chache, basi sikio limepona kabisa. Mwaka huo Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston walionyesha kwa uchunguzi wa panya kwamba kipimo chaweza kurudi sawa, na hali maungio mengi kati ya seli za koklea na neva yamekwisha kufa. Tangu hapo wataalamu wamejifunza kuyachukulia kwa uzito malalamiko ya mtu asemaye, "Nasikia, lakini kwenye makelele sielewi," hata kama odiogramu yake ni nzuri. Mtaalamu wa mwaka 2005 aliyelala juu ya cheti chake angemrudisha mtu huyo machimboni akimwambia kwamba hana neno.

Katika mifano yote mitatu mtaalamu hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa akisema yale aliyofundishwa. Ndiyo sababu elimu endelevu haichukuliwi kuwa adhabu kwa wazembe. Ni sehemu ya kazi ya kila mwenye leseni, hata yule aliye hodari.

Hali ilivyo Tanzania

Tanzania ina sheria kadhaa zinazokutana kwenye sikio la mfanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka wafanyakazi wachunguzwe afya kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na wachunguzi wawe ni watu wenye sifa na idhini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeanzisha mfuko wa kuwalipa waajiriwa waumiao au wauguao kwa ajili ya kazi. Nayo sheria ya mwaka 2017 juu ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi imelipa Baraza la Madaktari Tanganyika mamlaka ya kusajili, kutoa leseni na kuchukua hatua za nidhamu. Na mafunzo endelevu yamo katika masharti ya kuhuisha leseni hizo.

Wataalamu wenyewe, hata hivyo, ni wachache. Taarifa ya kwanza ya dunia juu ya usikivu, iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Machi 2021, ilieleza kwamba asilimia 93 ya nchi zenye kipato cha chini zina mtaalamu wa usikivu chini ya mmoja kwa kila watu milioni moja. Taarifa hiyo hiyo ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na milioni 430 miongoni mwao wanahitaji huduma. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka kusomea odiolojia ilimlazimu aende ng'ambo. Maendeleo yapo: mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya koklea kwa watoto viziwi, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeanzisha shahada ya odiolojia na tiba ya matamshi. Lakini huduma za namna hiyo zimekusanyika katika hospitali kubwa za rufaa. Kwa mkazi wa Runzewe hiyo ni safari ya kwenda Chato, au Bugando jijini Mwanza, pamoja na nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea.

Tena sheria za fidia zamfikia mwajiriwa mwenye mwajiri anayechangia. Mchimbaji mdogo anayegawana mawe na mwenye duara hana mwajiri wa namna hiyo. Kwake yeye odiogramu haileti fidia; yaweza kuleta onyo la mapema tu. Onyo hilo likiwa la uongo, au likichelewa, hana kingine cha kushika.

Ukali au huruma?

Hapa pana swali gumu, na wanaolijibu kwa haraka hukosea upande mmoja au mwingine. Ikiwa Taifa litasema kwamba hakuna ruhusa ya kugusa odiometa ila kwa mwenye shahada na leseni, basi watu wa Runzewe hawatapimwa na mtu yeyote kwa miaka mingi ijayo. Ikiwa Taifa litanyamaza, yeyote mwenye fedha za kununua chombo, au mwenye simu yenye programu ya kupimia, ataweka meza sokoni, atoe michoro na kuuza vifaa vya masikioni. Kifaa kinachokuza sauti kupita kiasi chaweza kuliharibu sikio lililokuwa bado lina uhai.

Njia iliyojaribiwa mahali pengine ni kuigawa kazi kwa ngazi, kila ngazi na ruhusa yake. Marekani ilipoanza kuwahifadhi wafanyakazi wa viwandani, haikuwezekana kuweka mtaalamu wa shahada katika kila kiwanda. Mwaka 1973 liliundwa baraza la kuwaidhinisha wapimaji wa ngazi ya chini. Mpimaji huyo husoma kozi ya saa 20, hupewa cheti cha miaka 5, na kukihuisha humpasa arudie masomo ya saa 8. Anaruhusiwa kutazama sikio, kupima, kuandika na kuwafundisha wafanyakazi namna ya kuvaa vizuizi vya kelele. Haruhusiwi kutaja ugonjwa wala kuuza kifaa. Michoro yake yenye mashaka hupelekwa kwa mtaalamu au daktari anayemsimamia, na huyo ndiye atoaye uamuzi.

Kwa wilaya kama Bukombe mpango wa namna hiyo ungekuwa na ngazi tatu. Katika zahanati, mhudumu aliyefundishwa huduma za msingi za masikio angetambua usaha na nta, angeuliza habari za kelele na sindano, na kutoa rufaa. Katika hospitali ya wilaya, mpimaji mwenye cheti angekuwa na odiometa iliyosawazishwa na chumba kimya. Katika hospitali ya rufaa angekaa mtaalamu wa usikivu mwenye leseni kamili, akishirikiana na daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na sahihi yake ndiyo ingefanya odiogramu iwe ushahidi.

Elimu endelevu nayo ingepaswa kulingana na mahali. Mpimaji akiwa mmoja tu wilayani, kumwita kwenye semina ya wiki nzima Dar es Salaam ni kuifunga huduma kwa wiki nzima. Tena kuhesabu saa alizokaa ukumbini si kupima alichojifunza. Ingefaa zaidi mtaalamu wa rufaa azungukie vituo vyake kwa ratiba, apime tena watu wachache waliokwisha kupimwa na mpimaji, alinganishe michoro miwili, na wazungumze juu ya tofauti. Mafunzo ya namna hiyo huacha nyuma chombo kilichokaguliwa na mpimaji aliyesahihishwa katika kazi yake mwenyewe, na huduma haifungwi hata siku moja. Masomo ya nadharia yaweza kufuatwa kwa intaneti, na mtihani ukafanyika papo hapo.

Yawezayo kufanywa shuleni

Shule haitoi leseni, lakini yaweza kuwa mahali pa kwanza pa kutambua tatizo. Walimu wa Baiolojia na Fizikia waweza kufanya na wanafunzi jaribio la mnong'ono. Mpimaji husimama nyuma ya mpimwaji kwa umbali wa sentimita 60 hivi, mpimwaji huziba sikio moja kwa kidole, na mpimaji hunong'ona herufi na tarakimu tatu zilizochanganywa, kwa mfano 4, k, 2. Asiyeweza kurudia, baada ya kujaribiwa tena kwa herufi na tarakimu nyingine, apelekwe kituo cha afya. Yafaa wanafunzi waelezwe wazi kwamba hili ni la kutambua tu. Halisemi ugonjwa ni upi, na matokeo yake yasiwe jambo la kuchekana. Mwanafunzi anayeketi nyuma na kuandika majibu ya maswali ambayo hayakuulizwa huenda si mzembe. Ahamishiwe kiti cha mbele wakati rufaa yake ikisubiriwa.

Kwa wale wanaofikiria kazi ya baadaye, odiolojia inahitaji Baiolojia, Fizikia na Kemia, ufasaha wa lugha, na subira ya kukaa na mtu asiyesikia. Ukanda wa dhahabu utawahitaji vijana hao.

Na kwa kila atakayekwenda kupimwa, au atakayempeleka mzazi wake, yapo maswali manne ambayo ni haki yake kuyauliza kwa heshima: Leseni au cheti chako ni cha hadi lini? Chombo hiki kilisawazishwa lini? Je, chumba hiki ni kimya vya kutosha? Naweza kupewa nakala ya mchoro wangu? Mpimaji mwema hatachukizwa na maswali hayo. Nakala ya mchoro wa kwanza, uliopimwa kabla mtu hajaanza kazi ya karasha au duara, yafaa ihifadhiwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, kwa maana upungufu wa miaka ya baadaye hupimwa kwa kulinganishwa na mchoro huo wa mwanzo.